Kostiki Soda Nyumbani: Kutengeneza Sabuni Bila Kuungua

Mtu apandaye kutoka Kyela kwenda Tukuyu huliacha nyuma joto la ufuko wa Ziwa Nyasa, ulio yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari, na baada ya mwendo usio mrefu hujikuta penye baridi, mvua na migomba, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500. Michikichi haipandi naye, kwani mti huo hupenda joto la bondeni. Lakini mafuta yake, yaani mawese, hupanda katika madumu na kuuzwa katika masoko ya Wilaya ya Rungwe. Mengi huliwa. Mengine huishia katika ndoo za kina mama na vijana watengenezao sabuni nyumbani, kazi ambayo Watanzania wengi waliijua hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika madukani, na ambayo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likiifundisha. Siku hizi Rungwe ni mashuhuri pia kwa maparachichi, na mafuta ya tunda hilo nayo yafaa kwa sabuni.

Hata hivyo mafuta peke yake hayawi sabuni. Yahitaji kuunganishwa na alkali kali, na alkali hiyo ndiyo inayounguza mikono, kupofusha macho na kuwaharibu watoto koo. Makala hii yaeleza jinsi alkali hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu aijuaye kazi yake hana haja ya kukariri makatazo. Makatazo yenyewe hujitokeza.

Soda ipi?

Madukani huitwa kostiki soda, au kostiki tu. Darasani ni haidroksaidi ya sodiamu, NaOH. Huuzwa ikiwa vibapa au punje nyeupe, na aghalabu hupimwa kutoka katika mfuko mkubwa na kutiwa katika kifuko cha plastiki kisicho na maandishi yoyote. Ukiiweka juu ya meza kando ya chumvi ya mawe au sukari, mgeni hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Jina nalo ni mtego. Katika nyumba moja neno “soda” laweza kuwa kinywaji cha chupa, laweza kuwa magadi yanayolainisha maharage, na laweza kuwa kostiki. Magadi, yale yapatikanayo katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron na Magadi, ni hasa kabonati ya sodiamu pamoja na baikabonati. Hayo nayo ni alkali, lakini ni hafifu mno yakilinganishwa na kostiki. Mtu aliyezoea kushika magadi kwa vidole hudhani kwamba kostiki ni magadi yaliyosafishwa, naye huishika vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, nusu ya ajali zingeepukika kama kila kifuko kingeandikwa KOSTIKI – SUMU – HUUNGUZA kabla ya kutoka dukani. Tangu mwaka 2003 tunayo sheria ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani, ambayo Mkemia Mkuu wa Serikali huisimamia. Lakini sheria haiingii jikoni, na kifuko kikishafika nyumbani kalamu ya kukiandika iko mikononi mwa mwenye nyumba.

Kwa nini huunguza

Mafuta yote ya mimea na wanyama yamejengwa kwa namna moja: molekuli moja ya gliserini imeshikamana na asidi tatu za mafuta. Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyeueleza muundo huo kwa uwazi katika kitabu chake cha mwaka 1823. Kostiki huvunja viungo hivyo vitatu. Kila asidi huchukua sodiamu na kuwa sabuni, na gliserini hubaki huru:

mafuta + 3NaOH → sabuni (molekuli 3) + gliserini

Sasa mwanafunzi na ajiulize: ngozi ya binadamu ina nini? Ina mafuta na protini. Kostiki haina akili ya kutofautisha mawese na mafuta ya mkono. Kule kuteleza ambako mtu hukuhisi anapogusa maji ya kostiki ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yakigeuka kuwa sabuni, huku tabaka la juu la ngozi likiyeyuka. Hapo ndipo ilipo tofauti na asidi. Asidi kali huzigandisha protini za ngozi, na gando hilo huwa kama ukuta mdogo unaoizuia asidi isizame haraka. Alkali haigandishi, bali huyeyusha. Basi hujifungulia njia na kuendelea kwenda chini. Zaidi ya hayo, maumivu huweza kuchelewa. Mtu huhisi utelezi tu, hufuta mkono kwenye khanga au suruali, huendelea na kazi, na dakika kadhaa baadaye hugundua kidonda. Jicho halina muda huo. Tone moja laweza kuutia ukungu mboni yake usiotoka tena.

Kwa hiyo vifaa vya kujikinga si pambo: miwani ya kinga inayofunika macho hadi pembeni (miwani ya kusomea haitoshi), glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, nguo ya mikono mirefu, na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili hazifai hata kidogo, kwa kuwa kinachomwagika humwagikia miguuni. Ndoo ya maji safi iwe karibu tangu mwanzo, kabla kifuko hakijafunguliwa.

Joto lisilo na moto

Kostiki inapoyeyuka katika maji hutoa joto jingi. Tuseme gramu 134 zimeyeyushwa katika gramu 300 za maji ya mtungini. Bila kuni wala mkaa, maji hayo huweza kufika nyuzi 80 za sentigredi au zaidi kwa muda mfupi. Huko Tukuyu, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hivyo nafasi iliyobaki kabla ya kuchemka ni ndogo kuliko ilivyo Dar es Salaam.

Hapa ndipo kanuni moja isiyo na ruhusa ya kuvunjwa inapotokea: kostiki hutiwa katika maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa, maji hayamwagwi kamwe juu ya kostiki. Sababu yake yaonekana ukifikiri joto linakwenda wapi. Punje chache zinapozama katika maji mengi, joto lake hugawanywa kwa maji yote. Lakini maji machache yanapoanguka juu ya rundo la kostiki, joto lote hubaki katika maji hayo machache; huchemka papo hapo na kuruka juu yakiwa yamebeba kostiki, na kinachokuwa juu ya ndoo wakati huo kwa kawaida ni uso wa mtu. Kosa lilo hilo hutokea kwa njia nyingine pale mtu anapomimina kostiki yote kwa pamoja bila kukoroga: hujikusanya chini ya ndoo na kuganda kuwa bonge gumu, kisha bonge hilo linapotikiswa ndipo joto hufumuka.

Maji yawe baridi. Wako wanaotia kostiki katika maji ya moto kwa kudhani wanaharakisha. Hao wanaharakisha ajali. Kazi ifanyike nje au barazani, mtu akisimama upande utokako upepo, kwa maana mvuke wa mwanzo hubeba matone madogo yanayowasha pua na koo. Baada ya hapo ndoo ifunikwe na kuachwa ipoe mahali ambapo mtoto, kuku wala mbuzi hafiki.

Sufuria haifai

Jambo hili lastahili kuandikwa kwa herufi kubwa katika kila somo la sabuni, kwa kuwa sufuria zetu karibu zote ni za aluminiamu. Metali nyingi hazijali alkali, lakini aluminiamu huyeyuka ndani yake:

2Al + 2NaOH + 6H₂O → 2NaAl(OH)₄ + 3H₂

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Gramu 27 za aluminiamu hutoa moli moja na nusu ya haidrojeni, ambayo ni lita 36 za gesi katika joto la kawaida usawani mwa bahari. Huko Rungwe, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, lita hizo zitazidi. Gesi hiyo huwaka, na ikichanganyika na hewa karibu na mafiga yenye moto hulipuka. Wakati huohuo mmumunyo huchemka na kutoa povu, sufuria hutoboka, na kostiki ya moto hutiririka sakafuni. Ndoo za bati nazo zina kasoro hiyo, kwa sababu zimepakwa zinki, na zinki huyeyuka katika alkali vilevile.

Vyombo vifaavyo ni ndoo ya plastiki nene isiyolegea kwa joto, sufuria ya chuma cha pua, au bakuli la chuma lililopakwa enameli ambayo haijabanduka. Chupa na mitungi ya kioo yaweza kupasuka kwa joto la ghafla. Vyungu vizuri vya Ikombe, viuzwavyo katika soko la Matema, vibaki kwa maharage na maji ya kunywa. Udongo usiopakwa kioo hunywa mmumunyo na kuuvujisha. Mti hustahimili kwa muda, ingawa kostiki huula polepole. Mwiko uliokorogea kostiki ni mwiko kurudi jikoni.

Mizani, si kikombe

Vipeperushi vingi vya sabuni husema “kikombe kimoja cha kostiki kwa vikombe kadhaa vya mafuta”. Mimi siafikiani navyo hata kidogo. Kikombe cha vibapa na kikombe cha punje havina uzito mmoja, na tofauti hiyo ndiyo huamua kama sabuni itasafisha mkono au itauchubua.

Tuanze na nadharia. Tripalmitini, mojawapo ya mafuta yaliyomo katika mawese, ina uzito wa molekuli 807. Kila moli yake yahitaji moli tatu za NaOH, yaani gramu 120. Kwa hiyo gramu 1,000 zahitaji gramu 149. Mafuta mengine yaliyomo ndani ya mawese yana molekuli nzito zaidi na huhitaji pungufu kidogo. Ndiyo maana kilo moja ya mawese, kwa wastani, hutumia gramu 141 hivi za kostiki. Mafuta ya parachichi na ya alizeti hutumia kama 133 au 134. Ya nazi, ambayo asidi zake ni fupi, hufika 183. Anayetumia kipimo cha nazi kwa mafuta ya alizeti atabaki na karibu gramu 50 za kostiki zisizo na kazi katika kila kilo, nazo zitatafuta kazi kwenye ngozi ya mtumiaji.

Mtengenezaji mwangalifu hupunguza kipimo kwa sehemu tano katika mia, ili mafuta kidogo yabaki badala ya kostiki kubaki. Kwa mawese, 141 huwa 134, na hapo ndipo zilipotoka zile gramu 134 za mfano wetu wa juu. Mizani iwe ile iwezayo kuonyesha gramu moja moja. Na mawese ya zamani, yaliyokwisha kuchacha, yana asidi nyingi zilizo huru. Hizo hushikamana na kostiki mara moja, mchanganyiko hupanda joto na kufura. Kwa hiyo ndoo isijazwe kupita nusu.

Sabuni ikishaganda hukatwa na kuanikwa kivulini kwa wiki nne hadi sita, na katika miezi ya mvua ya Rungwe hata zaidi, ili mmenyuko ukamilike na maji yapungue. Desturi ya kulamba sabuni ili kupima ukali wake haifai kufundishwa shuleni. Wengine hupima kwa manjano, na hapa lipo somo zuri: kila aliyefua shati lililomwagikiwa mchuzi wa manjano ameona doa likigeuka jekundu sabuni ilipoligusa. Manjano hubadilika rangi katika alkali. Lakini sabuni njema nayo ni alkali kidogo, kwa hiyo karatasi ya manjano haitakuambia kama kostiki imezidi. Faida yake iko kwingine. Baada ya kazi, kwa mkono uliovaa glavu, ipitishe juu ya meza iliyosuuzwa; ikigeuka nyekundu, meza haijasafika.

Mvua na hewa

Kostiki hunyonya unyevu wa hewani hadi ikajiyeyusha yenyewe. Katika nchi ya mvua kama Tukuyu, kifuko kilichoachwa wazi usiku mmoja huweza kukutwa asubuhi kimelowa, na kimiminika kinachochuruzika kutoka humo si maji bali ni kostiki nzito kuliko yoyote utakayoikoroga. Vilevile hunyonya kaboni dayoksaidi:

2NaOH + CO₂ → Na₂CO₃ + H₂O

Watu wa Busokelo wanaifahamu gesi hiyo, kwani hutoka ardhini kandokando ya volkano ya Kyejo, na imevunwa kwa miaka mingi ili, pamoja na matumizi mengine, itiwe katika vinywaji. Gesi ifanyayo soda ya kunywa itoe mapovu ndiyo iigeuzayo kostiki soda kuwa kabonati hafifu, ambayo haifanyi sabuni ipasavyo. Kostiki kuukuu basi hupima uwongo: sehemu ya uzito wake ni maji na kabonati. Unga mweupe uonekanao juu ya vipande vya sabuni mpya nao, mara nyingi, ni kabonati hiyohiyo.

Majivu ya migomba

Wako watakaosema: tuache kostiki ya dukani, turudi kwenye majivu. Majivu ya maganda ya ndizi na ya migomba yana kabonati ya potasiamu kwa wingi, na Rungwe haikosi migomba. Maji yaliyochujwa katika majivu hayo hutoa sabuni laini, kwa kuwa sabuni ya potasiamu haigandi kama ya sodiamu. Lakini kudhani kwamba kitu cha asili hakiunguzi ni kosa. Maji hayo yakichemshwa hadi yawe mazito, huchoma. Yakichanganywa na chokaa iliyozimwa huwa makali zaidi:

K₂CO₃ + Ca(OH)₂ → 2KOH + CaCO₃

Haidroksaidi ya potasiamu iliyopatikana haina upole wowote kuliko kostiki. Tena nguvu yake haijulikani kwa mizani. Wazee walitazama kama yai laelea, na yai huonyesha tu kwamba maji yamekuwa mazito. Ni kipimo cha busara kwa aliyekosa kingine. Miwani na glavu hazipungui kwa sababu ya majivu.

Ajali ikitokea

Punje kavu zikidondokea mwilini, zipanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha maji mengi yamwagwe mfululizo kwa nusu saa. Nguo iliyolowa ivuliwe wakati maji yakiendelea kumwagika. Siki na ndimu visitumike. Ni kweli asidi huiua alkali kwenye karatasi ya mtihani, lakini kuuana huko hutoa joto jipya juu ya ngozi iliyokwisha kuungua, na dakika za kutafuta ndimu ni dakika ambazo kostiki inazama. Mafuta ya kupaka na dawa ya meno visubiri pia, maji kwanza.

Jicho lifunguliwe kwa vidole, hata mgonjwa akipiga kelele, na maji safi yapitishwe kwa nusu saa bila kukoma. Kisha hospitali siku hiyohiyo, iwe Makandana, Igogwe au kituo kilicho karibu, na ikiwezekana maji yaendelee kumiminwa njiani.

La kutisha kuliko yote ni kumeza. Wamezao mara nyingi ni watoto wadogo, na sababu aghalabu ni moja: maji ya kostiki yaliyosalia yametiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto humeza funda moja tu. Asitapishwe, kwa maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asinyweshwe siki. Kinywa kisuuzwe, akiwa na fahamu kamili na anameza bila shida, aweza kupewa maji kidogo kwa funda ndogo, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa, hata kama amenyamaza na anacheza, na kifuko cha kostiki kipelekwe pamoja naye ili daktari ajue. Umio ulioungua hupona kwa kovu, na kovu hukaza. Wiki kadhaa baada ya siku ambayo wazazi walidhani yamekwisha, mtoto huanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha mate yake.

Kwa hiyo mmumunyo wa kostiki usiwekwe akiba kabisa. Utengenezwe wa kutosha kazi ya siku na uishe. Kostiki kavu ikae katika chombo chake chenye mfuniko wa kukaza, kimeandikwa, kimefungiwa juu, mbali na chumvi na sukari. Masalia machache yamiminwe polepole katika ndoo ya maji mengi na kumwagwa chooni, si kwenye vijito viendavyo Kiwira au Mbaka, ambako kuna watu wachotao maji huko chini. Na dumu tupu lililokuwa na kostiki lisuuzwe mara nyingi, kisha litobolewe kitako kwa msumari, lisije likachukuliwa na mtu kwenda kununulia mawese.